Stika ya gari inasoma kPa, mashine ya upepo inasoma psi: nijaze ngapi?

MkaziWaKigamboni (swali)

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu nyote.

Ninaomba msaada katika jambo ambalo naamini linawagusa wengi wenye magari yaliyotumika kutoka Japani. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva wa gari langu kuna stika ya Kijapani. Maneno yake siwezi kuyasoma, lakini tarakimu zinaonekana vizuri: kwa matairi ya mbele imeandikwa 230 na pembeni yake, ndani ya mabano, 2.3, kwa matairi ya nyuma imeandikwa 220 na ndani ya mabano 2.2. Juu ya safu hizo kuna alama za vipimo, kPa kwa namba kubwa na kgf/cm² kwa namba ndogo. Nikienda kituo cha mafuta kujaza upepo, geji ya mashine inasoma psi peke yake, na kijana anayejaza huniuliza, "Thelathini na tano au arobaini?" bila kuitazama stika wala kuangalia gari ni la aina gani.

Nimejaribu kubadili vipimo kwa kikokotoo cha mtandaoni. Nikiingiza 230 kPa napata psi 33.36, lakini nikiingiza 2.3 kgf/cm² napata psi 32.71. Ikiwa stika inataja kiasi kimoja cha upepo kwa vipimo viwili, kwa nini majibu hayalingani, na ni lipi kati yake nilifuate? Tena ubavuni mwa tairi lenyewe pameandikwa 350 kPa (51 psi), namba ambayo iko mbali kabisa na zile za stika.

Mwishoni mwa mwaka ninatarajia kusafiri na familia kwa gari hili kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya. Nimewahi kusikia kwamba presha ya tairi hubadilika mtu anapopanda nyanda za juu, kwa hiyo naomba pia kufahamu kama kuna hesabu ya kuzingatia kabla ya kuondoka. Natanguliza shukrani.

Mwalimu_Fizikia

Ndugu, nianze na jibu lenyewe: jaza psi 33 mbele na psi 32 nyuma, asubuhi, kabla gari halijatembea. Sasa nieleze zinakotoka namba hizo, ili siku nyingine ukikutana na stika tofauti usihitaji kumuuliza mtu.

Presha ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo, na vipimo vyote ulivyovitaja vinatofautiana tu katika nguvu gani imechaguliwa na eneo gani. Katika psi, nguvu ni uzito wa paundi moja na eneo ni inchi moja ya mraba. Tangu mwaka 1959, Marekani, Uingereza na nchi nyingine kadhaa zinazotumia Kiingereza zilipokubaliana, paundi ni kilo 0.45359237 kamili na inchi ni milimita 25.4 kamili. Uzito wa paundi hiyo ni sawa na nyutoni 4.448, na inchi ya mraba ni sentimita za mraba 6.4516, yaani mita ya mraba 0.00064516. Gawanya 4.448 kwa 0.00064516 na utapata takriban paskali 6,895, ambazo ni kPa 6.895. Hiyo ndiyo psi moja, na kutoka hapo hesabu nyingine zote zinafuata.

Kwa kgf/cm² nguvu ni uzito wa kilo moja, nyutoni 9.80665, juu ya sentimita moja ya mraba, nayo inatoa kPa 98.07. Bar imewekwa makusudi iwe kPa 100 kamili. Kwa hiyo bar moja ni psi 14.50, ilhali kgf/cm² moja ni psi 14.22. Vipimo hivi viwili vinakaribiana kiasi kwamba mafundi wengi huvichukulia kuwa kitu kimoja, lakini kuna tofauti ya asilimia mbili kati yake.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Chukua 230 ugawe kwa 98.07: utapata 2.345, si 2.3. Waliochapa stika waliandika kPa kwanza, kisha wakaikadiria namba ya pili kwa tarakimu moja baada ya nukta, kwa sababu tairi la gari dogo halihitaji usahihi zaidi ya huo. Kikokotoo chako hakijui kwamba 2.3 imeshakadiriwa, kinaichukua kama ilivyo na kukurudishia 32.71. Tofauti yote uliyoiona inatokana na asilimia mbili hizo, na ni takriban theluthi mbili za psi moja tu. Fuata namba ya kPa, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kama kipimo kikuu. Japani ilihamia rasmi kwenye mfumo wa kimataifa wa vipimo katika miaka ya 1990, na namba ya kilo ikabaki kwenye mabano kwa ajili ya watu waliokuwa wameizoea.

Kwa hesabu ya kichwani, zidisha psi kwa 7 kisha punguza asilimia moja na nusu. Psi 32 mara 7 ni 224. Ukiondoa 3 na kitu kidogo unabaki na karibu 220.6, na jibu la kikokotoo ni hilo hilo. Ukitaka kurudi kutoka kPa kwenda psi, gawanya kwa 7 na uongeze asilimia moja na nusu: 230 kwa 7 ni 32.86, ongeza nusu, unapata 33.36 hivi. Ukiwa na bar, zidisha kwa 15 kisha uondoe nusu ya namba uliyoanza nayo. Bar 2.3 mara 15 ni 34.5, toa 1.15, inabaki 33.35. Mimi huwapa wanafunzi wangu njia hii ya mwisho kabla ya kuwaruhusu kushika kikokotoo, kwa sababu anayeweza kukisia jibu hawezi kudanganywa na nukta iliyokaa mahali pasipo pake. Anayesoma 2.2 kwenye stika na kuielewa kama 22 akajaza psi 22 atakuwa ameendesha gari na upepo pungufu kwa karibu theluthi moja, tairi litapata moto na kuliwa pembeni.

Kuhusu 350 kPa iliyo ubavuni: hicho ni kikomo cha tairi, si kiasi cha kujaza. Aliyetengeneza tairi hajui litafungwa kwenye gari la uzito gani. Aliyetengeneza gari anajua, naye ndiye aliyebandika stika mlangoni. Kwa gari lako, psi 40 kwa matairi baridi ni karibu kPa 276, yaani 46 zaidi ya zilizopangwa kwa mbele na 56 zaidi kwa nyuma. Tairi la namna hiyo huliwa katikati na hushika barabara kwa eneo dogo zaidi, na lami ikilowa dereva atalihisi hilo kwenye breki.

Pampu_na_Mabomba

Maelezo ya Mwalimu yamenyooka. Ninaongeza jambo kutoka kwenye kazi yangu ya maji, kwa sababu kgf/cm² inaonekana kama kipimo cha ajabu mpaka mtu aione kwenye bomba. Kgf/cm² moja ni presha ya maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 10. Ndiyo maana pampu nyingi haziandikwi bar wala psi bali mita: pampu iliyoandikwa mita 40 inatoa karibu bar 3.9, ambazo ni psi 57.

Mabomba ya plastiki nayo huandikwa PN 6, PN 10, PN 16, na namba hiyo ni bar ambazo bomba limeundwa kuzihimili maji yakiwa ya kawaida, yasiyo ya moto. Sasa mtu anajenga tangi mlimani, mita 80 juu ya nyumba, halafu ananunua PN 6 kwa sababu bei yake ni nafuu. Maji yakisimama, chini kabisa kutakuwa na bar 7.8, yaani psi 114, na bomba linaweza kupasuka hata kama halina kasoro yoyote. Nimekuta kazi za aina hiyo ambapo geji ilifungwa na ikaonyesha "110", mwenye nyumba akadhani ni kPa 110 na kuridhika. Kila geji ina alama ya kipimo chake usoni, kwa kawaida kwa maandishi madogo chini ya kitovu cha mshale. Isomwe hiyo kwanza kabla ya kusoma namba.

MkaziWaKigamboni

Mwalimu, shikamoo, na asante sana. Ndugu wa mabomba, asante pia. Suala la 33.36 na 32.71 sasa limenielea kabisa, na nimeijaribu njia ya kuzidisha kwa 15, inafanya kazi vizuri. Naomba tu mnisaidie sehemu ya Mbeya. Je, geji ya Dar es Salaam na geji ya Mbeya zikisoma psi 33 zote mbili, ndani ya tairi kuna hewa kiasi kile kile?

Fundi_Majokofu

Ndugu mwuliza swali, hewa haiwi kiasi kile kile, na swali hili linatusumbua sana sisi wa majokofu na viyoyozi, kwa hiyo naomba nilijibu kwa mapana kidogo.

Geji ya kawaida haipimi presha yote iliyomo ndani ya chombo. Inapima ziada tu, yaani ni kiasi gani presha ya ndani inauzidi mgandamizo wa hewa ya nje mahali pale ulipo. Tairi lililopasuka linasoma sifuri, ilhali ndani yake kuna hewa ile ile tunayoivuta, ambayo kwa usawa wa bahari ina presha ya karibu kPa 101, psi 14.7. Kwa hiyo tairi lako linaposoma kPa 230 ukiwa Kigamboni, presha yake kamili ni 331. Anayebadili vipimo bila kujua kama namba aliyonayo ni ya ziada au ni kamili anaweza kukosea kwa psi 14 nzima, kosa kubwa kuliko lolote linaloletwa na tofauti ya bar na kilo.

Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo mgandamizo wa hewa unashuka hadi kama kPa 82 au 83. Tunaliona hili kila siku kazini. Kabla ya kuweka gesi kwenye mfumo wa friji, tunaufunga kwenye pampu ya vakyumu ili kunyonya hewa na unyevu wote, na geji ya upande wa chini ina sehemu iliyoandikwa inchi za zebaki, kutoka 0 hadi 30. Pwani, pampu nzuri inashusha mshale hadi karibu kabisa na 30, kwa kuwa mgandamizo wote wa hewa huko ni inchi 29.92 za zebaki. Mbeya, pampu ile ile na mfumo ule ule, mshale unasimama kwenye 24 na kidogo. Fundi aliyejifunza kazi Dar es Salaam akihamia huko anakaa saa nzima akisubiri 30, anabadilisha mafuta ya pampu, anatafuta mahali panapovuja, mwishowe ananunua pampu nyingine, na mshale unarudi pale pale. Hesabu yake ni fupi: inchi moja ya zebaki ni kPa 3.386, na 82.5 ukigawa kwa 3.386 unapata 24.4. Huko hakuna hewa nyingine ya kunyonya zaidi ya hiyo.

Ninawasihi mafundi vijana wanaosoma hapa wasitegemee mshale huo kuamua kama mfumo umekauka. Watumie geji ya maikroni, ambayo inapima presha kamili kuanzia sifuri halisi, na usomaji wake hauathiriwi na mwinuko wa mahali.

Mwalimu_Fizikia

Marahaba, ndugu mkazi wa Kigamboni. Fundi amelieleza vyema, na jambo hili lilithibitishwa zamani sana. Mwezi Septemba 1648, kwa ombi la Blaise Pascal, shemeji yake Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme huko Ufaransa akiwa na bomba la zebaki, akaona zebaki imeshuka kadiri alivyopanda, huku bomba jingine lililoachwa chini likiwa halijabadilika. Jina la Pascal ndilo lililochukuliwa mwaka 1971 kuwa jina la kipimo kilicho kwenye stika yako.

Sasa tuifanyie hesabu safari yako. Tuseme umejaza kPa 230 alfajiri Dar es Salaam, joto likiwa nyuzi 25. Presha kamili ni 331. Kama tairi lingefika Mbeya bila joto lake kubadilika, presha kamili ingebaki 331, lakini hewa ya nje ni 82.5 tu, kwa hiyo geji ingesoma 248.5, yaani psi 36. Mwinuko peke yake umeongeza karibu psi 2.7. Lakini alfajiri ya Mbeya si ya Dar es Salaam. Joto likiwa nyuzi 12, hewa iliyo ndani ya tairi inasinyaa kwa uwiano wa 285 kwa 298, kwa maana hesabu hii hufanywa kwa joto linaloanzia sifuri halisi, nyuzi 273 chini ya sifuri tuliyoizoea. Presha kamili inashuka hadi 316.6, na geji inasoma 234, sawa na psi 34. Mwinuko umeongeza, baridi imepunguza, na vimekaribia kufutana. Huhitaji kubadilisha chochote kabla ya kuondoka, isipokuwa kama kitabu cha gari au stika inataja kiasi kingine kwa gari lililojaa abiria na mizigo.

Tatizo liko kwenye kufika. Mtu ameendesha kutwa, matairi yana moto wa nyuzi 49 hivi, anapima Mbeya na kuona psi 40. Anashtuka, anatoa upepo hadi 33. Ametoa karibu sehemu moja ya nane ya hewa yote iliyokuwa ndani. Akirudi Dar es Salaam na kupima asubuhi, atakuta psi 27. Stika inahusu tairi baridi, lililosimama saa tatu au zaidi, na tairi lililotoka safarini halipunguzwi upepo kwa namba hiyo.

Dereva_Masafa

Naunga mkono. Kwenye malori tunakatazwa vikali kutoa upepo tairi likiwa na moto. Ubavuni mwa tairi la lori utakuta 830 kPa (120 psi), na geji zetu nyingi zina duara mbili, ya nje psi na ya ndani bar au kg/cm². Ninayaona mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, geji ya kituo inayokwenda hadi psi 220 ina mistari iliyoachana kwa psi 5, na hapo kubishana juu ya 33.36 na 32.71 hakuna maana, kwa sababu mshale wenyewe hauwezi kuonyesha tofauti hiyo. Kwa gari dogo nunua geji yako ya mkononi inayoishia psi 60.

La pili, geji za kidijitali hubadilisha kipimo kwa kitufe, na zikianguka au kubanwa kwenye dashibodi zinaweza kuhama zenyewe. Ukiona 2.3, ni bar au kilo. Ukiona 33, ni psi. Ukiona 230, ni kPa. Kwa gari dogo namba hizi ziko mbali mno kuchanganywa na mtu anayezijua.

MkaziWaKigamboni

Asanteni sana nyote. Leo alfajiri, kabla gari halijatoka nyumbani, nimepima kwa geji ya kuazima yenye kPa na psi. Matairi ya mbele yalisoma 270, na ya nyuma 265. Nimeshusha hadi 230 na 220 kama stika inavyosema. Tairi la akiba sikuligusa, kwa sababu ni lile jembamba na namba zake ni tofauti kabisa: limeandikwa 420 kPa na 60 psi. Je, nalo nilishushe lilingane na mengine?

Dereva_Masafa

Hapana, ndugu, usilishushe. Tairi jembamba la akiba limeundwa kubeba uzito ule ule wa gari kwa umbo dogo, kwa hiyo linahitaji presha kubwa zaidi, na kwa tairi hilo namba iliyoandikwa ubavuni ndiyo ya kujaza. Mia nne na ishirini kwa saba ni sitini. Ongeza asilimia moja na nusu, utapata psi 61 kasoro kidogo. Lipime kabla ya safari ya Mbeya, kwa sababu matairi ya akiba hukaa miaka bila kuguswa na mengi hukutwa chini ya nusu ya kiasi hicho.